Picha Ipite Mkono kwa Mkono

Katika sherehe yoyote ya Mumbuni siku hizi, iwe ntheo (sherehe ya kimila ya ndoa ya Wakamba), ubatizo, mahafali au mazishi, tukio moja hupigwa picha na watu ishirini, kila mmoja kutoka pale alipoketi. Kabla hema halijashushwa utasikia ahadi ile ile: picha zitatumwa kwenye kundi. Na kweli hutumwa, usiku huo au wiki inayofuata, na kila aliyehudhuria huridhika kwamba amezipata. Hoja yangu ni kwamba hakuzipata. Alichopata ni nakala iliyopunguzwa, isiyo na tarehe yake wala mahali pake, ilhali picha yenyewe imebaki katika simu moja ambayo kesho inaweza kuanguka majini, kuibwa stendi au kuuzwa. Ipo njia nyingine, isiyodai kompyuta wala bando: kupitisha faili asilia kutoka simu hadi simu wakati watu bado wako pamoja. Wengi huidharau njia hii kama mabaki ya enzi za mulika mwizi. Mimi naiona kuwa njia bora kuliko zote walizo nazo watu wa kawaida za kutunza kumbukumbu zao, na nitajaribu kueleza kwa nini.

Kwanza tuone hali ilivyo. Mumbuni iko kando ya mji wa Machakos, na wadi ya Mumbuni Kaskazini ni mojawapo ya wadi saba za eneobunge la Machakos Mjini. Si mashambani kabisa, wala si mjini kabisa. Ni mahali ambapo simu janja imeenea lakini kompyuta ya nyumbani bado ni kitu cha wachache. Sensa ya mwaka 2019 iligundua kwamba ni asilimia 8.8 tu ya kaya nchini Kenya zilizokuwa na kompyuta, iwe ya mezani, ya kupakata au tableti, na kwamba asilimia 10.4 tu ya watu waliohojiwa walikuwa wakitumia kompyuta. Waliokuwa na simu zao wenyewe walikuwa asilimia 47.3 ya wote wenye umri wa miaka mitatu na zaidi, watoto wa chekechea wakiwemo. Sasa chukua karibu ushauri wowote ulioandikwa kuhusu kutunza picha: huanza kwa kukwambia uunganishe kamera yako na kompyuta. Ushauri huo haumfai mkazi wa Mumbuni. Kwake simu ndiyo kamera, ndiyo albamu, ndiyo sanduku la nyaraka. Ikipotea, vyote vitatu vimepotea kwa pamoja, na hakuna droo ya nyumbani ambamo nakala nyingine inasubiri.

Basi tuangalie kinachoipata picha inapopita WhatsApp. Simu yenye kamera ya megapikseli 12 hutoa picha ya pikseli 4,000 kwa 3,000, na faili yake huwa megabaiti tatu hadi tano hivi. Ukiituma kwa njia ya kawaida, programu huipunguza kwanza: upande mrefu hushuka hadi pikseli 1,600 hivi, na faili nzima hubaki kilobaiti mia chache. Kati ya pikseli milioni 12 zilizopigwa, zinazofika ni kama milioni mbili. Sehemu tano kati ya sita zimeachwa njiani. Kwenye kioo cha simu tofauti haionekani, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Huonekana siku picha inapohitajika kweli, hasa anapofariki mzee na familia inataka sura yake kwenye fremu na kwenye kijitabu cha ratiba ya mazishi. Uchapishaji mzuri hutaka nukta 300 hivi kwa kila inchi. Ukurasa wa A4, wenye urefu wa sentimita 29.7, unahitaji kwa hiyo pikseli kama 3,500 upande wake mrefu. Picha asilia inazo na kubakiza. Iliyopitia WhatsApp haina hata nusu yake. Na mara nyingi picha pekee nzuri ya marehemu ni ile aliyopigwa akiwa amesimama na watu kumi. Ukiukata uso wake peke yake kutoka katika nakala iliyopunguzwa, unabaki na vijisanduku vya rangi. Agosti 2023 WhatsApp iliongeza chaguo la HD, na ni hatua njema, lakini hilo nalo hubana faili, na anayetuma lazima awe amelichagua. Picha ikinaswa kutoka kwenye skrini, ikapandishwa Facebook, kisha ikashushwa na binamu, kila hatua hula kidogo. Mfumo wa JPEG uliosanifishwa mwaka 1992 umejengwa juu ya kanuni ya kutupa maelezo ambayo jicho halitayakosa upesi, na kilichotupwa hakirudi.

Hasara ya pili haionekani kabisa, nayo kwa maoni yangu ndiyo kubwa zaidi. Ndani ya faili ya picha kamera huandika siku na saa ilipopigwa, aina ya simu na, kama mwenye simu ameruhusu, mahali penyewe kwa vipimo vya setilaiti. Utaratibu huu unaitwa Exif, nao ulianzishwa Japani mwaka 1995. WhatsApp huyafuta maelezo hayo picha inapotumwa kama picha. Badala yake faili hupewa jina linaloanza na IMG, kisha tarehe, kisha WA na namba. Wengi hudhani tarehe ile ni ya tukio. Sivyo; kwa aliyepokea, ni siku picha ilipoingia katika simu yake. Picha ya harusi ya mwaka 2009 ikitumwa leo kwenye kundi la familia, simu zote zitakazoipokea zitaipanga katika mwaka huu, katikati ya picha za kuku na risiti. Baada ya miaka kumi hakuna atakayeweza kuipanga upya, isipokuwa kwa kubahatisha kutokana na mitindo ya nguo.

Mtu anaweza kuuliza kama kweli haya yana uzito, au ni shughuli ya wapenda picha tu. Machakos ina jibu lake, na ni jibu ambalo maeneo machache duniani yanaweza kulitoa. Mwaka 1937 R. O. Barnes alipiga picha za vilima vya wilaya hii vikiwa vimechanwa na makorongo, udongo umekwenda na mvua, miti imekwisha. Mwaka huo huo Colin Maher, afisa wa serikali ya kikoloni, aliandika ripoti ndefu kuhusu mmomonyoko katika nchi ya Wakamba. Serikali iliamua kwamba tatizo ni wingi wa ng'ombe ikaanza kuwachukua kwa nguvu, na mwaka 1938 Muindi Mbingu akaongoza maelfu ya Wakamba hadi Nairobi kupinga; kwa kosa hilo alihamishiwa Lamu. Zaidi ya nusu karne baadaye watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walizichukua picha za Barnes, na mwaka 1991 sehemu zile zile zikapigwa upya. Picha hizo mbili mbili zilichapishwa katika kitabu chao cha mwaka 1994, More People, Less Erosion. Idadi ya watu ilikuwa imepanda kutoka takriban 240,000 katika miaka ya 1930 hadi karibu milioni 1.4, na hata hivyo miteremko iliyokuwa mitupu ilikuwa imefunikwa kwa matuta na miti. Wakulima walikuwa wamechimba matuta ya fanya juu, wengi wakifanya kazi kwa mwethya, yaani vikundi vya kusaidiana, na ardhi ikashikwa. Wapo wasomi waliopinga baadhi ya hitimisho za kitabu hicho, hasa kuhusu nani alifaidika na nani aliachwa nyuma, lakini hakuna aliyeweza kuzipuuza zile picha.

Zingatia kilichoziwezesha kutoa ushahidi. Zilikuwa na maelezo ya kutosha kiasi kwamba mtu aliyesimama na nakala mkononi aliweza kuutambua ukingo ule ule wa kilima. Mahali na mwaka wake vilijulikana. Na zilikuwa zimenusurika hadi miaka ya 1990. Picha iliyopita kwenye kundi la WhatsApp imepokonywa sifa mbili za kwanza, na ya tatu imewekwa rehani katika simu moja. Leo hapa Machakos, chini ya vilima vya Iveti, mashamba yanagawanywa kuwa viwanja, nyumba za kupanga zinajengwa, barabara na mito inabadilika, na haya yote yanapigwa picha kila siku na watu wasiojijua kuwa wanafanya kazi ya Barnes. Yeye alikuwa mmoja. Wao ni maelfu. Itakuwa jambo la kusikitisha sana ikiwa miaka hamsini ijayo picha za mwaka 1937 zitakuwa bado zinasomeka kuliko zetu.

Enzi za filamu, nguvu ilikuwa mikononi mwa mwenye negativu. Mombasa kulikuwa na studio ya Parekh, Lamu kulikuwa na ya Bakor, na kila mji wa Kenya ulikuwa na yake. Mteja aliondoka na kipande cha karatasi. Negativu ilibaki kabatini kwa mpiga picha, na aliyetaka nakala nyingine alirudi kwake. Studio ikifungwa au ikiungua, chanzo kimekufa. Picha ya dijitali ilibadilisha jambo hili kabisa, kwa namna ambayo bado hatujaitumia ipasavyo. Nakala ya faili asilia ni sawa na asilia yenyewe, herufi kwa herufi. Hakuna ya kwanza wala ya pili. Wageni ishirini wakipokezana faili ile, kuna negativu ishirini katika nyumba ishirini. Familia maskini kabisa ya Mumbuni leo ina uwezo ambao studio tajiri ya mwaka 1960 haikuwa nao. Tunauacha uwezo huo utuponyoke kwa sababu kitufe cha kutuma kwenye kundi kiko karibu zaidi na kidole.

Jinsi ya kufanya ni rahisi. Bluetooth, ambayo kazi yake ilianza katika kampuni ya Ericsson ya Sweden mwaka 1994, iko katika simu zote za Android na hata nyingi za kubonyeza. Haigusi faili; inachotuma ndicho kinachofika. Udhaifu wake ni mwendo. Kwa kasi ya kawaida, picha ya megabaiti nne huchukua kama sekunde 15 au 20, jambo lisilo na shida kwa picha tano, lakini picha mia mbili zitakula karibu saa nzima. Kwa mzigo mkubwa kuna Quick Share, ambayo ilikuwa ikiitwa Nearby Share tangu mwaka 2020 hadi Google na Samsung walipounganisha huduma zao Januari 2024. Simu mbili hutambuana kwa Bluetooth kisha huhamisha faili kwa mawimbi ya Wi-Fi moja kwa moja, bila intaneti, bila hata kuwa na laini ndani. Picha mia mbili zile hupita kwa dakika chache tu. Imo katika simu nyingi za Tecno, Infinix, Itel na Samsung zinazouzwa Machakos, na wengi wanaomiliki simu hizo hawajawahi kuifungua. Njia ya tatu ni flashi yenye vichwa viwili, kimoja cha simu, au kiunganishi kidogo cha OTG kinachoiruhusu simu kusoma flashi ya kawaida au kadi ya kamera. Hiki ndicho chombo cha kumwendea mpiga picha wa harusi, kwa kuwa yeye hubeba kadi, na unaweza kunakili kutoka kadi yake hadi simu yako mkiwa mmesimama nyuma ya hema. Mwenye iPhone ana kikwazo chake: iPhone haipokei picha kwa Bluetooth kutoka Android. Lakini tangu iPhone 15 ya mwaka 2023 tundu lake ni la USB-C, na flashi ile ile inayoingia kwenye Infinix inaingia humo pia. Tahadhari moja kwake: simu hizo huhifadhi picha kwa muundo wa HEIC ambao baadhi ya simu za zamani haziufungui; katika mipangilio ya kamera kuna chaguo la kupiga kwa JPEG.

Pingamizi la kwanza ni umbali, na ni la haki. Nusu ya familia iko Nairobi au Mombasa, mwingine yuko Saudia au Qatar kikazi, na mkono haufiki huko. Sisemi WhatsApp itupwe. Nasema itumike kwa namna isiyoharibu: badala ya kuituma kama picha, bonyeza alama ya kiambatisho, chagua hati, kisha uitafute picha yako hapo. Ikitumwa kama hati, faili hufika nzima, na tarehe na mahali vimo ndani yake. Hiyo hula bando zaidi, ndiyo. Lakini picha kumi za megabaiti nne ni megabaiti 40, sawa na video chache ambazo watu husambaza bila kufikiri. Busara ni kumchagua mtu mmoja katika kila mji apokee hati, kisha yeye awagawie walio karibu naye kwa mkono. Bando linalipwa mara moja, na faili inaendelea na safari yake ikiwa nzima.

Wengine watasema kwamba haya yote yamekwisha kutatuliwa, kwani picha hupanda zenyewe hadi Google. Kwa mwenye Wi-Fi nyumbani na nafasi ya kutosha, ni nakala nzuri ya ziada, na asiiache. Ila Google ilifuta nafasi isiyo na kikomo ya picha tarehe 1 Juni 2021, na sasa akaunti ya bure ina gigabaiti 15 zinazogawanywa pia na barua pepe. Zikijaa, upandishaji husimama, na mara nyingi mwenyewe hagundui. Kisha kuna suala la kifo. Google imejipa haki ya kufuta akaunti isiyotumika kwa miaka miwili. Baba akifariki na hakuna aliyelijua neno lake la siri, picha zake zina miaka miwili tu ya kuishi baada yake. Na kampuni kubwa nazo huteleza: mwaka 2019 MySpace ilikiri kupoteza nyimbo, picha na video ambazo watumiaji walikuwa wamepandisha kwa zaidi ya miaka kumi, katika kuhamisha mitambo. Wakutubi wa Chuo Kikuu cha Stanford, waliobuni mpango wa LOCKSS mwaka 1999 kwa ajili ya majarida ya kitaaluma, walijenga mfumo wao wote juu ya wazo kwamba usalama wa maandishi unatokana na wingi wa nakala zilizoko mikononi mwa watu tofauti, kila mmoja akijitegemea. Wana mitambo na fedha ambazo kijiji hakina, na bado hitimisho lao ni lile lile ambalo majirani wanaweza kulifikia kwa Bluetooth.

Nafasi ndani ya simu ni pingamizi la kila siku: simu imejaa, nani atabeba picha za wengine? Hapa inafaa kuangalia kilichoijaza. Katika simu nyingi ni video za kusambazwa na salamu za asubuhi zenye maua, ambazo WhatsApp huzihifadhi yenyewe mpaka uizuie katika mipangilio. Kuzima uhifadhi huo hurudisha nafasi kubwa. Na simu nyingi za bei nafuu bado zina sehemu ya kadi ya memori, jambo ambalo simu za bei ghali zimeliacha. Kadi ya gigabaiti 64 hubeba zaidi ya picha asilia 12,000. Inunuliwe kwa muuzaji anayeaminika, kwa sababu kuna kadi bandia zinazoonyesha ukubwa ambao hazina na kuanza kufuta picha za zamani zinapojaa. Wala isiachwe kabatini kwa miaka mingi bila kuguswa. Kumbukumbu ya aina hii hushikwa na chaji ya umeme ambayo hupungua polepole, kwa hiyo ni vizuri kila baada ya miaka michache vilivyomo vinakiliwe kwenye kadi mpya.

Kuhusu virusi, hofu ina msingi lakini mara nyingi inaelekezwa kusikohusika. Picha ya JPG si hatari kwa kawaida. Hatari ni faili za programu, zile zinazoishia na apk, ambazo hupenyezwa pamoja na picha na kuomba ruhusa ya kusakinishwa. Kataa kila kitu kisicho picha wala video, na Bluetooth izimwe ukimaliza. Programu za kupakua kwa ajili ya kushirikishana zilipata umaarufu mkubwa hapa kwetu, hasa Xender na SHAREit. India ilizipiga marufuku zote mbili Juni 2020 kwa sababu zilizochanganyika na siasa za mpaka wake na China, lakini Februari 2021 kampuni ya usalama ya Trend Micro ilieleza kasoro halisi katika SHAREit ya Android zilizoweza kumpa mhalifu njia ya kuingia. Kwa kuwa Quick Share imo ndani ya simu tayari, sioni sababu ya kuzihitaji.

Pingamizi la faragha ni zito zaidi, na sitaki kulipita haraka. Faili asilia inabeba mahali ilipopigwa. Ukimpa rafiki picha ya mtoto nyumbani, umempa pia mahali nyumba ilipo. Kwa jirani anayeijua nyumba hiyo haidhuru. Kwa ukurasa wa hadharani ni hatari. Kwa hiyo maelezo yale yale ninayotetea yahifadhiwe nyumbani ndiyo yanayopaswa kuondolewa kabla picha haijawekwa mtandaoni, na simu nyingi za sasa zina chaguo la kuondoa mahali wakati wa kushirikisha. Sheria ya Kenya imeweka mpaka unaofanana na huu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 haimbani mtu anayeshughulika na data kwa mambo ya binafsi na ya nyumbani tu. Biashara au taasisi ikiichapisha sura yako bila ridhaa, hali ni nyingine. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule ya Roma iliyoko Uthiru shilingi 4,550,000 kwa kuweka hadharani picha za watoto bila ridhaa ya wazazi, na baa ya Casa Vera shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja wake. Nayo Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 inamtishia anayesambaza picha za faragha za mwenzake kifungo cha hadi miaka miwili, faini ya hadi shilingi 200,000, au vyote viwili. Kupitisha mkono kwa mkono hakufuti hatari ya rafiki asiye mwaminifu. Lakini angalau aliyepiga anamwona anayempa, na anayeombwa anaweza kukataa usoni. Katika kundi la watu 200, anayetuma hamwoni kila anayeipokea, na aliyemo pichani hajaulizwa kamwe.

Kuna kasoro moja ya njia hii ambayo siwezi kuitetea, ila kuirekebisha. Faili zinazopita mkononi hupoteza majina ya watu. Mwanzoni mwa muongo wa 2010 Mmarekani Christopher Kirkley alikusanya huko Kidal, kaskazini mwa Mali, nyimbo zilizokuwa zikizunguka jangwani kutoka simu hadi simu kwa Bluetooth na kadi za memori, kisha akazitoa katika albamu ya Music from Saharan Cellphones. Muziki ulikuwa umenusurika bila intaneti, jambo la kustaajabisha. Lakini waimbaji ilibidi watafutwe mmoja mmoja, kwa sababu faili nyingi hazikusema ni za nani. Exif itakwambia picha ilipigwa tarehe 17 Agosti saa nane mchana karibu na Iveti; haitakwambia kwamba aliyeketi kushoto ni dada yake nyanya. Na wanaojua hilo ni wazee, ambao kila mwaka ni wachache zaidi.

Vikundi vya akina mama, vyama vya kuweka akiba na vikundi vya vijana vya makanisa vinaweza kuibeba kazi hii ya kukusanya picha na majina, kwa kuwa tayari vina katibu anayetunza daftari la mahudhurio na la fedha. Katibu huyo huyo anaweza kukabidhiwa kadi mbili zenye picha zile zile, moja ikae kwake na nyingine kwa mweka hazina, zikipangwa kwa folda za mwaka na jina la tukio. Siku ya sherehe kijana mmoja apewe jukumu la kuzunguka na simu yenye nafasi, akizipokea picha kutoka kwa kila aliyepiga kabla watu hawajatawanyika, kisha apeleke bora zake zikachapishwe studio mjini. Baada ya hapo aketi na mzee mmoja anayewafahamu watu, wapitie picha moja moja, na simu ikiwa inarekodi sauti mzee ataje nani ni nani, kwa Kikamba au kwa Kiswahili, vyovyote anavyopenda. Sauti hiyo iwekwe katika folda ile ile na picha. Rekodi ya dakika mbili kwa kawaida ni ndogo kuliko picha moja, na inapita kwa Quick Share vivyo hivyo.